Jenerali Aomba Kura Kwenye Meza ya Wafu

Shujaa wetu alikosa mambo mengi. Alikosa shingo, maana kichwa chake kilikaa moja kwa moja juu ya mabega kama chungu juu ya mafiga. Alikosa subira. Alikosa masikio ya kusikilizia, ingawa ya kutundikia miwani alikuwa nayo mawili makubwa. Alikosa rafiki aliyemjua kabla hajavaa nyota. Alikosa kicheko, akawa na kikohozi alichokitumia mahali pa kicheko. Lakini zaidi ya yote hayo, Jenerali mstaafu Fructuoso Belmonte alikosa kura.

Vifaru aliwahi kuwa navyo, na kwa vifaru alitawala miaka sita bila kumwuliza mtu. Kura ni kitu kingine. Huwezi kuiamuru isimame wima.

Wiki iliyopita tulimwacha sebuleni kwa Doña Nieves Colque, juu kabisa ya kilima cha Villa Candelaria, siku ya Watakatifu Wote. Alikuwa na kadi mkononi na kipaza sauti cha redio chini ya kidevu. Mbele yake kulikuwa na meza ya wafu: kitambaa cheusi, mishumaa, miwa miwili iliyosimamishwa kama mlango, ngazi ya mkate ya kushukia roho, na picha mbili. Nyuma yake alisimama mkewe, Doña Hortensia. Na Doña Hortensia alikuwa ameona jambo ambalo mumewe hakuliona.

Picha ya kwanza, ya mwanamke mzee, ilikuwa na utepe mweusi kwenye pembe. Picha ya pili, ya kijana mwenye nywele zilizochanwa kwa maji, haikuwa na utepe.

Mtu yeyote wa kilima kile angekuambia maana yake. Utepe ni wa aliyekufa. Asiye na utepe hajafa, au hakuna ajuaye kama amekufa. Amewekwa pale ili mama akishuka kutoka aliko amwone mwanawe. Aliyekufa huokewa mkate wenye sura ya mtu. Mezani pale mkate wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu.

Doña Hortensia alijua kwa sababu bibi yake alikuwa akitandika meza kama ile kila mwaka katika mji wa machimbo, jambo ambalo kwa miaka arobaini aliwaficha wake wa mabalozi. Mumewe alikuwa anafungua mdomo kusoma kadi. Nafasi ilikuwa ya pumzi moja. Angeweza kumvuta mkono wa koti. Angeweza kukohoa.

Kabla hatujaona alifanya nini, tumkumbushe msomaji aliyekosa magazeti ya nyuma jinsi mtu aliyekuwa na nchi nzima mfukoni alivyofikia kuomba kura kwa maiti.

Mara ya kwanza Jenerali aligombea akiwa bado Ikulu, peke yake, bila mpinzani. Alishinda. Alishinda hivi kwamba wilaya moja ya nyanda za juu ilimpa kura nyingi kuliko watu wake wote, hata ukiwahesabu na llama, wanyama wao wa mizigo. Maofisa wenzake, ambao hawakuwa watu wa kuona haya upesi, safari hii waliona haya, wakampindua wiki iliyofuata. Huo ndio ushindi wake pekee.

Mara ya pili akawa wa tatu, akalaumu theluji.

Mara ya tatu akawa wa pili. Hakuna aliyepata nusu, kwa hiyo bunge likapaswa kuchagua kati ya wawili wa kwanza. Wabunge wa chama chake mwenyewe walitoka kunywa kahawa na hawakurudi mpaka mwenzake alipokwisha kuapa. Akalaumu wakomunisti.

Mara ya nne alishindwa na mtangazaji wa redio aliyejulikana kwa matangazo ya sabuni.

Mara ya tano alishindwa hata kwenye sanduku alilotia kura yake mwenyewe, ambamo walitia pia mkewe, wanawe wawili, mpishi na mtunza bustani. Sanduku lilipofunguliwa alikuwa na kura moja. Jioni ile alimfukuza mpishi. Doña Hortensia alimwandikia mpishi yule barua nzuri sana ya sifa, maana alijua vizuri kwamba mpishi hakuwa peke yake.

Sasa ilikuwa mara ya sita, na kwa ajabu mambo yalikuwa yanamwendea vizuri. Vijana waliozaliwa baada ya utawala wake walikuwa wameambiwa kwamba enzi zake barabara zilikuwa safi, wakaamini. Mji wa chini ulikuwa tayari. Kilichobaki ni kilima, na kilima kilikuwa na wachuuzi wa viazi, na wachuuzi walikuwa na chama, na mwenyekiti wa chama alikuwa Doña Nieves. Yeye akitaja jina, masanduku ya kilima yalirudia jina hilo.

"Kawaombee maiti wake," alikuwa ameshauri Dakta Ramiro Iturralde, mwanasheria na meneja wa kampeni. "Watu wa juu wanapenda mambo hayo. Nimeshatuma mtu akaulize majina yaliyo mezani."

Mtu alikwenda. Aliuliza majina, akapewa mawili, akarudi nayo. Hakuuliza jambo jingine.

Basi, turudi sebuleni. Je, Doña Hortensia alimvuta mumewe?

Hakumvuta. Aliweka shali yake sawa.

"Nainamisha kichwa changu," alisoma Jenerali kwa sauti ya kukagua gwaride, "kwa ajili ya roho ya mama yetu mpendwa Asunta Laime. Na kwa ajili ya roho ya marehemu Rufino Colque, mtoto wa kilima hiki, ambaye Mungu amempumzisha. Amina."

Sala ikiisha mezani pale, waliopo wote hujibu kwa pamoja, "Sala ipokelewe." Ndipo mwombaji hupewa mkate na matunda. Imekuwa hivyo tangu kilima kipate watu.

Hakuna aliyejibu. Redio ilirusha hewani mlio wa utambi wa mshumaa.

Doña Nieves alikuwa mwanamke mfupi, mpana, kofia yake ya duara imekaa wima kichwani kama imepimwa. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya gunia.

"Jenerali, nani alikuambia Rufino amekufa?"

"Samahani, mama?"

"Mdogo wangu. Umemwita marehemu. Sisi hapa hatujui kama ni marehemu. Bado tunamngoja. Wewe umejuaje?"

Jenerali aligeuza kadi kutazama nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

Dakta Iturralde alijipenyeza mbele, harufu ya manukato yake ikimtangulia. "Mama, ni kosa la ofisi. Aliyepiga chapa hakuelewa."

"Aliyepiga chapa ndiye aliyemchukua?" aliuliza mwanamke mmoja aliyeegemea mlango, muuza vitunguu aitwaye Petrona.

"Nyamaza, Petrona," alisema Doña Nieves. "Mwache mgeni ajibu mwenyewe. Ana mdomo." Akamgeukia tena Jenerali. "Mwaka ule askari walipomchukua, nilikuwa nakwenda wizarani kila Jumatatu. Mwishowe nikapewa karatasi. Inasema Rufino Colque amevuka mpaka kwa hiari yake na anauza nguo Arica. Chini kuna sahihi yako. Nikaenda Arica. Wauza nguo ni wengi kule, Jenerali, nimewatazama usoni mmoja mmoja. Yeye hayupo."

Mtu mwingine angenyamaza. Lakini huyu, kama nilivyosema, alikosa mambo mengi.

"Mama, hiyo ni miaka ishirini na zaidi. Kwa muda huo mtu anaweza kufa kwa ugonjwa wowote. Ni kawaida."

"Mimi sijafa," alisema Doña Nieves. "Na mimi ndiye mkubwa."

Nyuma ya umati mtu alicheka kicheko kifupi, kibaya. Mtangazaji wa redio alisogeza kipaza sauti karibu zaidi. Dakta Iturralde alimshika Jenerali kiwiko ili waondoke, lakini mezani pale mwombaji haondoki mikono mitupu, hata awe mwizi. Doña Nieves alichukua mfuko, akatia ndizi mbili, bisi za mahindi na kipande cha ngazi ya mkate. Jenerali aliona kamera, akanyoosha mikono haraka na kutabasamu.

"Huu ni wa sala ya mama," alisema Doña Nieves. "Wa sala ya Rufino sina. Siwezi kumwokea mtu nisiyejua kama amekufa, wala siwezi kumzika mtu nisiyejua alipo."

"Nakuelewa kabisa, mama."

"Hunielewi. Ngoja nikueleweshe. Umekuja kutafuta kura za kilima. Nitakupa. Zote."

"Nieves, umerukwa na akili?" alisema Petrona.

"Zote. Nitapita kila kichochoro na spika ya chama, niwaambie wakuchague wewe, na mimi mwenyewe nitakuchagua kwa mkono huu. Nataka kitu kimoja. Niambie yuko wapi. Kesho saa sita mchana roho zinaondoka na meza inaondolewa. Kabla ya hapo iletwe barua yenye sahihi yako, kama ile ya kwanza, isomwe hapa mbele ya redio hii. Nikipata mahali pa kuchimba, umepata kilima."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Jenerali Belmonte aliwekewa kura mbele yake zikiwa zimefungwa tayari, na bei yake ilikuwa ukweli. Hiyo ndiyo fedha ambayo hakuwahi kuwa nayo, hata alipokuwa akishika funguo za benki kuu.

Aliondoka na mfuko wake wa mikate.

Garini walikuwa wanashuka mjini.

"Mwanamke yule ni mkomunisti," alisema Jenerali.

"Mwanamke yule ni kura elfu themanini," alisema Dakta Iturralde.

Jenerali alinyamaza kwa heshima ya tarakimu. Kisha akamgeukia mkewe. "Tencha, dereva anasema watu wa juu huweka utepe kwenye picha ya maiti. Wewe hukujua?"

"Mambo ya watu wa juu ningeyajulia wapi?" alijibu Doña Hortensia, akatazama nje dirishani.

Hakujua kwa nini alinyamaza pale mezani. Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa amelala miaka mitatu katika kitanda cha Ikulu na alikilalia vizuri. Magazeti yalipoanza kuandika majina ya waliopotea, yeye aligeuza ukurasa akasoma habari za harusi. Lakini alipoiona picha ile bila utepe, na kuuona mdomo wa mumewe ukifunguka, kitu ndani yake kilisema: mwache. Ni neno dogo. Alikuwa amelingoja kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri.

Asubuhi iliyofuata Dakta Iturralde alifika wakati wa kifungua kinywa, magazeti kwapani. Alijikaribisha mwenyewe, akaanza kupaka siagi mkate wa mwenye nyumba.

"Redio zote zinauliza swali moja tu," alisema. "Ukikana, umeshindwa. Ukikiri, umefungwa. Nimekaa nikafikiri. Kuna njia ya katikati."

"Ipi?"

"Anataka mahali. Tumpe mahali."

Jenerali alianza kukohoa kikohozi chake cha kicheko, kisha akakikatiza. "Mahali gani?"

"Popote. Kule nyanda za joto kuna makaburi ya zamani ya wajenzi wa reli, hayana hata misalaba. Tunaandika kwamba kijana alijiunga na waasi, wakagombana wao kwa wao, wakamuua, wanakijiji wakamzika. Wewe ulikuwa hujui. Umeambiwa juzi na askari mmoja mzee aliyekuwa anakata roho, ndiyo maana jana ulimwita marehemu. Unaona? Hata kosa la jana linakuwa huruma. Mama anakwenda, anachimba, anapata mifupa, analia, anakushukuru. Kilima ni chako."

"Na hiyo mifupa ni ya nani?" aliuliza Doña Hortensia.

Wanaume wawili walimtazama kama birika lililosema neno.

"Mifupa, doña, haina jina," alisema Dakta Iturralde kwa tabasamu.

"Mwanamke yule ataililia mifupa ya mtu mwingine mpaka afe. Atampelekea maua."

"Maua ni mazuri kwa afya," alisema Jenerali. Alikuwa amesimama, anatembea kati ya meza na dirisha, na kichwa chake kisicho na shingo kilikuwa chekundu kwa furaha. "Iturralde, hii ni safi. Hii ni safi kabisa. Ningekuwa na wewe Ikulu nisingeondoka."

"Nilikuwa na miaka kumi na minne wakati ule, Jenerali."

"Hata hivyo."

Wakaandaa maneno. Dakta Iturralde alitamka, Doña Hortensia akaandika kwa penseli kwenye karatasi ya rasimu: nyanda za joto, reli ya zamani, waasi, askari anayekata roho, Mungu, taifa, maridhiano. Neno maridhiano lilirudiwa mara nyingi kuliko jina la Rufino.

"Tencha atatoa nakala safi," alisema Jenerali.

Mambo mazito hakuyapeleka kwa wapiga chapa. Aliyaandika mkewe, kwa mwandiko aliofundishwa na masista. Na hapa msomaji ajue desturi moja ya Jenerali ambayo hata miaka yote ya kushindwa haikuweza kumwachisha. Alikuwa anaweka sahihi kwanza. Aliweka sahihi chini kabisa ya karatasi tupu, akaenda zake, na maneno yakajazwa juu yake baadaye na mtu mwingine. Ndivyo alivyotawala. Kulikuwa na rundo la karatasi za namna hiyo kwenye mtoto wa meza Ikulu, na watu walifungwa, walihamishwa na kuvishwa medali kwa karatasi ambazo yeye hakuwahi kuzisoma. Alisema kusoma ni kazi ya makarani.

Akachukua karatasi nzuri yenye jina lake juu, akaweka sahihi chini, kubwa, yenye mkia. "Chukua."

Dakta Iturralde alikwenda ukumbini kupiga simu redioni. Sauti yake ilisikika ikiahidi ufunuo wa kihistoria. Jenerali aliingia chumbani kubadilisha nguo, maana alikuwa na mkutano na wafanyabiashara pale nyumbani, na mkewe akamfuata na ile karatasi mkononi.

"Fructuoso, yuko wapi?"

"Nani?"

"Yule kijana."

"Umesikia. Nyanda za joto."

"Nakuuliza mimi. Mimi siyo redio."

Jenerali alikuwa mbele ya kioo anafunga tai. Siku ya huzuni asingejibu. Lakini alikuwa amekwisha kujiona juu ya kibaraza cha Ikulu, bendi ikipiga, na mtu akifurahi sana mdomo wake hulegea.

"Unakumbuka tulipokaa Huayllani, kwenye kambi ya wapanda farasi?"

"Miaka mitatu ya mwanzo. Ulikuwa unaogopa kulala Ikulu."

"Kwa sababu za usalama," alisema Jenerali. "Unakumbuka kile kibanda cha chai nyuma ya mazizi? Ulikililia mwaka mzima. Unataka mahali pa kukaa na wageni, unataka maua, unataka kivuli. Ghafla nikakujengea kwa siku chache tu, na sakafu ya saruji, ukanibusu mbele ya askari." Alikaza tai. "Basi ndiyo hiyo. Umekunywa chai juu yake na wake wa mabalozi. Nipe koti."

Alimpa koti. Alilipiga brashi mabegani, kushoto na kulia. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo miaka arobaini, ikafanya tena bila kumwuliza.

"Yuko peke yake pale chini?" aliuliza.

"Sakafu ilikuwa kubwa, Tencha."

Alitazama saa, akajitazama tena kiooni, akatoka. Aliridhika na vyote viwili.

Doña Hortensia alibaki amesimama. Alikuwa anakumbuka vikombe. Vilikuwa vya rangi ya samawati, vimetoka ng'ambo, na mke wa balozi mmoja aliwahi kumwambia kwamba hajapata kunywa chai mahali tulivu kama pale. Yeye alijibu kwamba ni kwa sababu ya miti.

Alikaa kwenye meza ya chumbani. Upande mmoja aliweka rasimu ya Dakta Iturralde. Upande wa pili aliweka karatasi tupu yenye sahihi.

Alifikiri habari za nyumba. Alifikiri habari za pensheni ya mumewe, ambayo ndiyo iliyomlisha, na habari za mwanawe mkubwa, ambaye sasa alikuwa kanali na alikuwa na watoto shuleni. Alifikiri kwamba akinakili rasimu ile, kabla ya Krismasi atakuwa amerudi Ikulu, na hakuna atakayejua, na yule mwanamke mfupi wa kilimani atalala usingizi kwa mara ya kwanza kwa kuwa atakuwa na kaburi. Lisilo lake, lakini kaburi.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda.

Alichovya kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa masista, bila haraka:

"Kwa Doña Nieves Colque. Mdogo wako Rufino hakuvuka mpaka. Karatasi uliyopewa ilikuwa ya uongo. Aliuawa katika kambi ya Huayllani na amelala hapo, nyuma ya mazizi ya farasi, chini ya sakafu ya saruji ya kibanda cha bustani. Hayuko peke yake. Walete watu wengi, na redio pia, kabla mtu hajaivunja sakafu hiyo na kuwahamisha. Yote hayo yalifanyika kwa amri"

Hapo kalamu ilisita. Kwa amri ya nani? Akatazama chini ya karatasi, kwenye ile sahihi kubwa yenye mkia.

Akaandika, "yangu."

Maneno yalikaa vizuri juu ya sahihi, kama yalivyokaa maneno yote miaka ile. Alipuliza wino. Alikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, na kile kipande cha rasimu akakitia kwenye jiko la kupashia chumba joto. Kisha akawasha mshumaa, akayeyusha lakiri nyekundu juu ya mfuniko wa bahasha, na kabla haijapoa akaigandamiza kwa muhuri wa Jenerali.

Mlango ulifunguka. Ni Dakta Iturralde.

"Tayari, doña? Nipe niipitie mara moja."

"Nimekwisha kuifunga."

Mwanasheria aliichukua bahasha, akaipindua. Kidole chake gumba kilifika kwenye lakiri, kikakaa hapo. Doña Hortensia alianza kukusanya kalamu na wino, kimoja kimoja.

"Nilitaka kuongeza sentensi moja," alisema Dakta Iturralde. "Kuhusu maridhiano."

"Yamo ya kutosha."

"Sahihi ipo?"

"Ipo chini kabisa. Mahali pake."

Alifikiri. Aliitazama lakiri, nyekundu, nene, na uso wake ukaanza kung'aa kwa wazo jipya. "Unajua, ni bora hivi. Nitaivunja kule kule, mbele ya meza, mbele ya vipaza sauti. Watu wa juu wanapenda mambo ya namna hiyo. Na nitaisoma mwenyewe. Yule mtangazaji wao anakwama kwama."

"Una sauti nzuri, Dakta."

"Nimewahi kuambiwa," alisema Dakta Iturralde. Akaitia bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akaupigapiga. "Saa tano na nusu. Nitafika kabla roho hazijaondoka."

Kutoka dirishani Doña Hortensia aliliona gari jeupe la kampeni likitoka getini, uso wa mumewe umebandikwa kwenye milango yote minne. Lilipita kwenye mti wa mkalitusi, likakunja kushoto, likaanza kupanda kilima.

Chini ukumbini Jenerali alikuwa amewaita wafanyabiashara wake waketi, amewamiminia pombe ya zabibu, na amewaambia wasubiri kidogo, kuna jambo wanapaswa kulisikia kwa masikio yao.

"Tencha," aliita, "njoo utuwashie redio."

Alishuka, akaiwasha.